Mto Umechafuka au Umechafuliwa? Hali ya Maji, Mimea ya Mitoni na Wajibu wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kiangazi kinapokolea, Mto Ruaha Mkuu unaopita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha nchini Tanzania hukatika vipande vipande. Mahali palipokuwa na mkondo hubaki madimbwi yaliyotengana, na maji yaliyokuwa na rangi ya udongo wakati wa masika hugeuka kijani, kisha kahawia nzito. Mtu apitaye hapo husema: "Mto umechafuka." Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi. Hata hivyo, haimwelezi msikilizaji ni kitu gani kilichobadilika katika maji hata yakaota kijani, wala haionyeshi kama badiliko hilo lina mtendaji.

Mhadhara huu unakusudia kutekeleza mambo mawili yanayotegemeana. Kwanza, unaeleza jinsi hali ya maji, yaani mwendo wake, mwanga unaoyapenya, virutubishi vilivyomo na hewa iliyoyeyuka ndani yake, inavyoamua ni mimea ipi na mwani upi utakaoota mtoni. Pili, unachunguza namna Kiswahili kinavyolieleza jambo hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba mimea ya mtoni ni ushahidi wa hali ya maji, na kwamba Kiswahili kimejaliwa nyenzo za kisarufi na za kimsamiati za kuusoma ushahidi huo kwa usahihi. Nyenzo hizo zisipotumiwa kwa uangalifu, lugha huweza kumficha aliyeharibu mto, au kumshitaki asiyehusika.

2.0 Lugha ya bahari yaingia mtoni

Ni jambo linalofahamika kwamba Kiswahili kilikua katika mwambao. Kwa sababu hiyo, msamiati wake wa hali ya bahari ni mpana na wenye mpango. Wenyeji wa pwani hutofautisha maji kujaa na maji kupwa, na kutokana na kitenzi *pwa* lugha ikapata jina *pwani*, mahali ambapo maji hupwa. Hutofautisha pia bamvua, wakati maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, wakati tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mvuvi anayetaja bamvua huwa amekwisha eleza kwa neno moja hali ya mwezi, nguvu ya mkondo na sehemu ya mwamba itakayofunuka.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ili kusimamia usanifishaji uliojengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Lugha iliyosanifiwa ikapelekwa bara kwa njia ya shule, utawala na vitabu, ikawakuta watu ambao maisha yao yalikuwa mitoni, maziwani na kwenye vinamasi. Watu hao walikuwa na majina mengi ya mimea ya maji katika lugha zao, lakini majina hayo hayakuingia kwa wingi katika lugha sanifu. Kilichotokea ni kwamba maneno machache ya pwani yalinyooshwa ili yafunike mambo mapya.

Mfano ulio wazi ni neno *mwani*. Kwa mtu wa Paje au Jambiani, mwani ni mmea wa bahari unaoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono, na tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kwa biashara kilipoanza Unguja, ni zao linalolimwa, kuanikwa na kuuzwa. Katika somo la biolojia neno hilohilo limepewa kazi ya kutaja viumbe vya aina nyingi mno: chembe zisizoonekana bila darubini, nyuzi za kijani zinazoning'inia kwenye mawe ya mto, na utando utelezao chini ya nyayo za avukaye kijito. Upanuzi wa maana si dhambi. Lugha zote huutumia. Tatizo hutokea pale ambapo msikilizaji hubaki na maana ya kwanza huku msemaji akikusudia ya pili.

Mfano wa pili ni istilahi *maji baridi*, inayotumika kwa maana ya maji yasiyo ya chumvi. Mwanafunzi anayesoma kwamba Ziwa Victoria ni ziwa la maji baridi, na papo hapo anafundishwa kwamba ujoto wa maji yake huhimiza mwani kuzaana, hulazimika kuziweka maana mbili katika neno moja. Istilahi ya zamani, *maji matamu*, ingemwondolea utata huo.

3.0 Hali ya maji na mimea inayoitikia

3.1 Mwendo

Kati ya hali zote, mwendo wa maji ndio unaoutofautisha mto na ziwa. Chembe moja ya mwani uoleao inaweza kugawanyika kuwa mbili kwa siku moja au kwa siku chache. Iwapo maji yanatoka milimani na kufika baharini kwa siku chache, chembe hiyo husombwa kabla haijapata nafasi ya kuzaana kwa wingi. Maji hayohayo yakizuiwa na bwawa kwa wiki kadhaa, hesabu hubadilika: mbili huwa nne, nne huwa nane, na baada ya muda maji yote hupata rangi. Ndiyo maana mto uendao kwa kasi aghalabu hauna rangi ya kijani katikati ya maji yake, hata kama una virutubishi vya kutosha. Kijani chake kimeshikamana na mawe.

Kijani hicho cha mawe kinastahili jina lake, na jina limo katika lugha. *Utando* ni nomino itokanayo na kitenzi *tanda*, kama mawingu yanavyotanda au maziwa yaliyochemshwa yanavyofanya utando juu yake. Utando wa mawe ya mtoni huwa na mwani wa aina mbalimbali pamoja na bakteria na uteute unaowaunganisha. Mwendo wa maji huufaa na huudhuru. Karibu kabisa na jiwe kuna tabaka jembamba la maji ambalo karibu halisogei. Mkondo wa wastani hulipunguza tabaka hilo, hivyo virutubishi na hewa huufikia utando kwa urahisi zaidi. Mkondo ukizidi nguvu na kubeba mchanga, huukwangua utando na kuuacha mwamba mtupu. Kwa hiyo, baada ya gharika mto huanza upya, na utando wa wiki ya kwanza hauwi sawa na utando wa mwezi wa tatu.

Ipo hata mimea itoayo maua ambayo imeyazoea maporomoko. Mimea ya familia ya Podostemaceae, kwa mfano *Tristicha trifaria* inayopatikana katika mito mingi ya Afrika, hujibandika kwenye miamba ambako maji hupita kwa nguvu. Kwa umbo huweza kudhaniwa kuwa mwani. Huishi chini ya maji wakati wa mafuriko, na maji yanapopungua na kuifunua, huchanua na kutoa mbegu. Kwake, kujaa na kupungua kwa mto ni kalenda ya maisha. Mto ukidhibitiwa ili uwe na kimo kimoja mwaka mzima, kalenda hiyo huvurugika.

Upande wa pili ni maji yaliyotuama. Hapa sarufi yenyewe ina somo. *Tuama* ni kitenzi cha kauli ya kutendama, pamoja na *inama*, *simama* na *kwama*. Kauli hii huonyesha kitu kilichofikia mkao fulani na kudumu ndani yake. Mzizi wake umo katika *tua*, yaani kuweka mzigo chini au kukoma safari. Maji yaliyotuama, basi, ni maji yaliyotua. Elimu ya mito inakubaliana na neno hilo, kwa kuwa maji yapunguzapo mwendo hushusha mzigo wa udongo na mchanga yaliokuwa yameubeba. Udongo huo ndio kitanda cha mafunjo, matete na yungiyungi, mimea ambayo isingeweza kushika mizizi kwenye mwamba wa maporomoko.

3.2 Mwanga

Mimea yote ya maji huhitaji mwanga ili kufanya usanisinuru. Katika mto, mwanga huzuiwa na mambo mawili: kivuli cha miti ya kingoni na udongo ulioelea ndani ya maji. Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake walichapisha nadharia iliyoutazama mto kama mwendelezo mmoja kutoka chanzo hadi mdomo. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, vijito vya juu hufunikwa na miti, hivyo chakula kikubwa cha viumbe wake ni majani yanayoanguka. Sehemu ya kati ni pana na yenye mwanga, nayo hustawisha utando na mimea iliyozama. Sehemu ya chini ni ya kina kirefu na yenye maji mazito, ambamo mwanga haufiki chini. Nadharia hiyo ilijengwa juu ya mito ya Amerika ya Kaskazini, na mito yenye viboko, yenye mabonde ya mafuriko au ikaukayo kwa msimu haiifuati neno kwa neno. Pamoja na hayo, imebaki kuwa chombo kizuri cha kuulizia maswali.

Swali mojawapo ni hili: msitu wa kingoni ukifyekwa, nini kitatokea? Kivuli huondoka, na mwanga huingia. Wakati uleule mvua husukuma udongo mtoni, na mwanga huzuiwa tena. Ikiwa udongo ni mwingi, utando hufunikwa na kufa. Ikiwa udongo utatua mahali fulani, tuseme nyuma ya bwawa, maji yatokayo chini ya bwawa huwa maangavu, na mwani hupata mwanga ambao haukuwapo. Mtu anayeamini kwamba maji maangavu ni maji yasiyo na mwani hushangaa kuona nyuzi za kijani zimeongezeka pale ambapo matope yamepungua.

Mimea nayo hujirekebisha kwa ajili ya mwanga na hewa. Hewa ya ukaa husambaa ndani ya maji polepole mno, karibu mara 10,000 polepole zaidi kuliko inavyosambaa hewani. Kwa sababu hiyo, majani ya mimea iliyozama mara nyingi ni membamba kama utepe au yamechanika kama nyuzi, ili sehemu kubwa ya jani igusane na maji. Yungiyungi huchagua njia nyingine: hulaza majani yake juu ya maji, na hupitisha hewa katika mirija ya vikonyo hadi kwenye shina lililozikwa topeni ambako oksijeni ni haba. Mafunjo na matete huchomoza juu kabisa. Kwa hiyo mimea ya mtoni inaweza kugawanywa kwa vitenzi vya Kiswahili bila taabu yoyote: izamayo, ilazayo majani, ichomozayo na ieleayo. Kila kitenzi hutaja uhusiano wa mmea na maji.

3.3 Rutuba

Mmea hauhitaji maji na mwanga pekee; huhitaji pia virutubishi, hasa nitrojeni na fosforasi. Mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig aliieneza katika karne ya 19 kanuni kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kile kilicho haba zaidi kulingana na mahitaji yake. Katika maji matamu, fosforasi mara nyingi ndiyo haba. Kiasi kidogo kikiongezwa, kutoka mashambani, majitaka ya mjini au kwenye udongo uliomomonyoka, huondoa kizuizi kilichokuwa kimewashikilia viumbe wote wa kijani.

Nani hufaidika na ongezeko hilo? Jibu hutegemea tena mwendo na mwanga. Katika maji yaendayo na maangavu hufaidika nyuzi za mwani zilizoshika mawe. Katika maji yaliyotuama hufaidika mwani uoleao, wakiwamo sianobakteria, ambao kwa hakika ni bakteria wenye kufanya usanisinuru, na baadhi yao hutoa sumu. Hufaidika pia mimea ieleayo ambayo mizizi yake huning'inia majini, kwani hiyo huchukua chakula chake moja kwa moja kutoka kwenye maji.

Kirutubishi kingine ni silika. Kundi la mwani liitwalo daiatomu hujijengea ganda la silika, na silika ikikosekana, kundi hilo huwapisha wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu Mto Mara ulionyesha kwamba viboko wana nafasi kubwa katika kuingiza silika mtoni: hula nyasi nchi kavu usiku, nyasi zenye silika nyingi, na mchana huitoa kwa kinyesi majini. Hivyo idadi ya viboko wa mto mmoja huweza kugusa chakula cha daiatomu hadi ziwani.

Neno *rutuba* linahitaji kutazamwa hapa. Katika kilimo neno hili ni sifa. Ardhi yenye rutuba hutamaniwa. Katika maji hali ni nyingine, kwani rutuba ikizidi huzaa uharibifu. Mwalimu anayesema "maji haya yana rutuba nyingi" bila kueleza zaidi anaweza kueleweka kuwa anayasifu.

3.4 Mchana na usiku

Wakati wa mchana mwani na mimea iliyozama hutoa oksijeni. Usiku haitoi, bali huivuta, kama wavutavyo samaki na bakteria. Mwani ukiwa mwingi kupita kiasi, oksijeni huwa tele saa za alasiri na kuwa haba mno kabla ya alfajiri. Samaki waliokuwa wazima jioni hukutwa wakielea asubuhi. Mwani ukifa kwa pamoja hali huwa mbaya zaidi, maana bakteria wanaoozesha mabaki hutumia oksijeni iliyobaki. Hivyo samaki huweza kufa pasipo mtu kutia tone la sumu mtoni, na mtafiti anayepima maji saa sita mchana peke yake huweza kuandika kwamba hewa inatosha.

4.0 Mito mitatu

4.1 Ruaha Mkuu

Maji ya Ruaha Mkuu hukusanyika kwanza katika uwanda wa Usangu, na sehemu ya Ihefu ni kinamasi kitoacho maji kupitia mwamba wa Ng'iriama. Kimo cha maji kinamasini kikishuka chini ya mwamba huo, mto hukosa maji. Tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikauka kwa sehemu wakati wa kiangazi, na matumizi ya maji mashambani huko juu yanatajwa miongoni mwa sababu kuu.

Kwa mtazamo wa mhadhara huu, jambo muhimu ni kile kinachotokea madimbwini. Viboko hukusanyika katika maji machache yaliyosalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtiririko unapokoma, madimbwi yenye viboko wengi hurundika virutubishi, hupoteza oksijeni na kupungukiwa na aina za samaki. Mto unapotiririka, athari hizo hutawanywa na tofauti kati ya dimbwi na dimbwi hupungua. Viboko ni walewale, na kinyesi ni kilekile ambacho kwa mto uendao ni chakula. Kilichobadilika ni mwendo wa maji. Anayesema kwamba viboko wameuchafua mto amemtaja mtendaji wa karibu na kumsahau wa mbali.

4.2 Kagera

Gugumaji, ambalo asili yake ni bonde la Amazon huko Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera, unaokusanya maji ya Rwanda na Burundi, umekuwa mojawapo ya njia ziliingizazo ziwani. Katika mkondo, gugumaji ni msafiri: husombwa kwa mafungu. Likifika katika ghuba iliyotulia, yenye joto na virutubishi tele, hutanda, na eneo lake huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili au chini yake. Chini ya zulia hilo giza huua mimea iliyozama, na oksijeni hupungua. Maji ya chumvi hayalifai, ndiyo sababu halikuweza kuteka bahari.

Katikati ya miaka ya 1990 waliachiliwa fukusi wa jenasi *Neochetina*, ambao hulila gugumaji, na mwishoni mwa muongo huo gugumaji lilipungua sana, likisaidiwa na hali ya hewa ya El Niño ya 1997/98. Baada ya mvua kubwa za 2006/2007 lilirejea kwa nguvu katika Ghuba ya Winam. Fukusi waliushughulikia mmea. Rutuba ya maji ilibaki. Usemi wa wahenga kwamba dalili ya mvua ni mawingu unafaa hapa: aliyefukuza wingu hajaizuia mvua.

Pembeni mwa Kagera kuna mabwawa mapana ya mafunjo. Mafunjo hupunguza kasi ya maji, hunasa udongo na kuchukua sehemu ya virutubishi kabla havijafika ziwani. Mkulima anayeyafyeka ili kupanda mazao, akiamini kwamba anaondoa magugu, huwa ameondoa chujio. Hapa jina moja la jumla, *magugu*, limewaweka pamoja adui na mlinzi.

4.3 Mara

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yalibadilika rangi na samaki wakafa. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba oksijeni ilipungua kutokana na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Maelezo hayo yalizusha mjadala mkali, na wapo walioshuku kemikali zenye sumu. Haikusudiwi hapa kuamua shauri hilo. Linalozingatiwa ni kwamba, kwa msikilizaji wengi, samaki kufa na sumu ni mambo yasiyotenganishika, na kauli kwamba kinyesi huweza kuua samaki ilionekana kuwa kichekesho. Hata hivyo, utafiti wa miaka iliyotangulia katika mto huohuo, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuwa umekwisha onyesha kwamba madimbwi ya viboko yakikumbwa na mafuriko, maji yake yasiyo na oksijeni husukumwa chini na kuua samaki. Maarifa yalikuwapo, lakini yalikuwa hayajapata maneno yaliyozoeleka kwa watu wanaokunywa maji ya mto huo. Umma usipokuwa na maneno ya kutofautisha sumu na upungufu wa hewa, hauwezi kuihoji ripoti ya serikali kwa haki, wala hauwezi kuikubali kwa haki.

5.0 Kauli za vitenzi na swali la mtendaji

Sasa inawezekana kuirudia sentensi ya mwanzo. Kutokana na kitenzi *chafua* Kiswahili huunda *chafuka* kwa kauli ya kutendeka, na *chafuliwa* kwa kauli ya kutendwa. Tofauti yake ni ya msingi. Kauli ya kutendeka hutaja hali bila kudokeza mtendaji. Bahari ikichafuka, hakuna aulizaye nani ameichafua. Upepo umevuma na mawimbi yamepanda. Kauli ya kutendwa hufungua nafasi ya mtendaji, ambaye aweza kutajwa kwa *na*, na hata asipotajwa msikilizaji hujua kwamba yupo.

Inawezekana kwamba mazoea ya baharini yameifanya *chafuka* iwe kauli ya kwanza kuja mdomoni hata mtoni. Lakini mto si bahari. Mabadiliko mengi ya mto yana anwani: mfereji, shamba, bomba la majitaka, msitu uliofyekwa. Kusema daima kwamba mto umechafuka ni kuyafanya yote kuwa kazi ya upepo.

Aidha, haitoshi kuhimiza watu waseme *umechafuliwa* kila mara. Kauli hiyo ni shitaka, na shitaka huhitaji ushahidi. Dimbwi la viboko lililotengwa na ukame wa asili limechafuka. Dimbwi lililotengwa kwa sababu maji yamechukuliwa yote huko juu lina mtendaji, ingawa hakutia kitu chochote majini. Ushahidi wa kuamua kauli ipi itumike hutolewa, kwa sehemu kubwa, na mimea. Utando mwembamba wa daiatomu juu ya mawe, nyuzi ndefu za kijani, maji yenye rangi ya mwani uoleao, zulia la gugumaji: kila kimoja hueleza jambo tofauti juu ya mwendo, mwanga na rutuba.

Utaratibu huohuo waweza kutumika katika istilahi. Ongezeko la virutubishi majini hutokea kwa njia mbili: polepole kwa asili, katika karne nyingi, au kwa haraka kutokana na shughuli za binadamu. Kutokana na *rutubika* hupatikana *urutubikaji*, na kutokana na *rutubisha* hupatikana *urutubishaji*. Inapendekezwa kwamba la kwanza litumike kwa mwenendo wa asili na la pili kwa tendo lenye mtendaji. Kiambishi kimoja kitakuwa kimebeba tofauti ambayo ingehitaji sentensi nzima. Kwa upande wa mwani, inapendekezwa neno libaki kuwa jina la jumla, lakini lifuatwe na sifa itajayo makazi: *mwani wa bahari*, *mwani uoleao*, *mwani wa nyuzi*, na *utando wa mawe* ushike nafasi yake. Kuhusu *gugumaji*, maana itolewayo kamusini ingefaa itaje, pamoja na umbo la mmea, maji unayoyapenda: yaliyotulia, yenye joto na yaliyorutubishwa. Msomaji wa kamusi angejua mara moja pa kuanzia anapotaka kuliondoa.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba mwendo wa maji huamua nani ashike jiwe na nani aoleee. Kwamba mwanga huamua nani azame na nani achomoze. Kwamba rutuba huamua wingi wa wote. Na kwamba oksijeni, itolewayo mchana na kuvutwa usiku, huamua nani aishi nao. Imeelezwa pia kwamba Kiswahili hakina upungufu wa nyenzo za kuyasema hayo. *Tuama*, *tanda*, *zama*, *elea*, *chomoza*, *chafuka* na *chafuliwa* ni maneno ya kila siku, na kila moja limebeba sehemu ya elimu ya mto.

Kazi iliyobaki ni ya watu wa lugha na watu wa sayansi kwa pamoja. Wanafunzi wa isimu wanaokwenda nyanjani kando ya Kagera, Mara, Ruaha na Rufiji wanaweza kukusanya majina ya mimea ya maji kutoka kwa wavuvi, wasusi wa mikeka na wachota maji, wakiandika si jina la mmea tu, bali pia mahali unapoota: penye mkondo au pametuama, penye mchanga au tope, penye kivuli au jua. Orodha za namna hiyo zitawasaidia watunga kamusi, na zitawasaidia pia wanabiolojia, ambao mara nyingi hufika mtoni kwa siku chache na kuondoka. Wazee wanaoyajua majina hayo wanapungua, na baadhi ya mimea yenyewe inapungua pamoja nao. Kazi hiyo ingefaa ianze katika kiangazi kijacho, wakati mito ikiwa imepungua na vitanda vyake vikionekana.